Kuhamishia OpenWrt kwenye ruta ya dari isiyomo katika orodha: kazi iliyofanyika Wete

MpembaWaSakiti (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Skuli moja hapa Wete ilipewa ruta 14 za kubandikwa darini, zilizotolewa na hoteli moja ya ufukweni huko Unguja ilipobadilisha mitambo yake. Zilishushwa bandarini Mkoani ndani ya maboksi ya sabuni, nami nikaombwa niziamshe. Ziliwaka zote isipokuwa 1, lakini hazikufaa kitu, kwa sababu programu dhibiti iliyomo ndani yake ilikuwa ikingoja amri kutoka kwenye seva ya mtengenezaji, na seva hiyo haijibu tena. Unaiona Wi-Fi ikitangaza jina la hoteli, unaunganisha simu, na unachopata ni ukurasa mweupe.

Nimeanzisha uzi huu ili kueleza namna nilivyohamishia OpenWrt, programu dhibiti huria ya ruta inayotokana na Linux, kwenye ruta hizi, ingawa aina yake haimo katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na mradi huo. Nitaandika kwa urefu, kwa kuwa maelezo mengi ninayoyakuta mtandaoni huanza na amri za kuandika kwenye fleshi (kumbukumbu ya kudumu ya ruta), ilhali kwa jinsi nilivyoiona mimi, kazi hii karibu yote ni kusoma, na anayekimbilia kuandika ndiye anayeua kifaa.

Nilipofungua kifuniko nilikuta chipu kuu ni QCA9531 ya Qualcomm Atheros, yenye prosesa ya aina ya MIPS inayokwenda kwa megahezi 650. Redio ya gigahezi 2.4 imo ndani ya chipu hiyohiyo, na redio ya gigahezi 5 ni chipu ya pili, QCA9887, iliyounganishwa kwa njia ya PCIe. RAM ni megabaiti 128 na fleshi ni Winbond ya megabaiti 16. Hapo moyo ulitulia. Mradi wa OpenWrt umekuwa ukiwatahadharisha watu kwa miaka mingi wasishughulike na vifaa vyenye megabaiti 4 za fleshi na 32 za RAM, kwa sababu kerneli (kiini cha mfumo) za sasa hazitoshei humo, na ruta hizi zimo mbali na mpaka huo. Draiva za redio zote mbili, ath9k na ath10k, zimo ndani ya kerneli ya Linux yenyewe. Kama ningekuta chipu ya Wi-Fi ya Broadcom, ningefunga kifuniko na kwenda zangu kuvua.

Sasa mtu atauliza: ikiwa chipu zinajulikana, ruta yenyewe inakosaje kujulikana? Kompyuta ya mezani hujitambulisha. Kerneli ikiamka huuliza kila kadi jina lake, na kadi hujibu. Ruta haina adabu hiyo. Hakuna kitu kwenye sakiti kinachoieleza kerneli kwamba mguu fulani wa chipu ndio unaowasha taa ya kijani, kwamba tundu la kebo lililo karibu na umeme ndilo la kuingizia intaneti, au kwamba fleshi imegawanywa mafungu mangapi na kila fungu linaanzia wapi. Mambo hayo lazima yaandikwe na binadamu katika faili la mti wa vifaa, lenye kiishio cha .dts, na kuhamisha OpenWrt kwa sehemu kubwa ni kuliandika faili hilo pasipo kubahatisha.

Kabla ya yote hayo lipo jambo moja ambalo ningeomba kila msomaji alisome mara mbili. Fungu la mwisho la fleshi kwenye ruta za chipu hizi, lenye kilobaiti 64 tu na linaloanzia 0xff0000 kwenye fleshi ya megabaiti 16, huitwa ART. Humo kiwanda kiliandika vipimo vya redio ya kifaa hicho kimoja, baada ya kukipima chenyewe: nguvu ya kila chaneli, kosa la kristali, tabia ya vikuza mawimbi vyake. Vipimo vya redio ya 2.4 vinaanzia 0x1000 na vina baiti 1,088. Vya redio ya 5 vinaanzia 0x5000 na vina baiti 2,116. Na mwanzoni mwa fungu zipo anwani za MAC. Programu dhibiti unaweza kuipakua tena, U-Boot, programu ndogo inayoiamsha ruta, unaweza kuiomba kwa mwenye kifaa kama chako, lakini baiti hizo hazipo mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya chipu iliyo mkononi mwako.

Kwa hiyo siku nzima ya kwanza sikuandika kitu. Niliingia kwa njia ya siriali, yaani nyaya za kuongea na sakiti moja kwa moja, nikakuta programu ya mtengenezaji yenyewe ni OpenWrt ya zamani iliyovikwa kanzu nyingine, yenye kerneli 3.3.8, na mlango wa siriali haukudai nywila. Nikasoma `/proc/mtd`, nikanakili kila fungu kwenda `/tmp`, nikalituma kwenye kompyuta yangu kwa TFTP, nikarudia mara ya pili na kulinganisha nakala mbili kwa `md5sum`. Nilifanya hivyo kwa ruta 13. Kila nakala nikaipa jina la tarakimu nne za mwisho za MAC, na tarakimu hizo nikaziandika kwa wino kwenye plasta niliyoibandika nyuma ya kifaa.

Mafungu niliyoyakuta ni haya: U-Boot kuanzia 0x000000 mpaka 0x040000, mipangilio yake kilobaiti 64 zinazofuata, kisha programu dhibiti kuanzia 0x050000 mpaka 0xff0000, yaani kilobaiti 16,000, na mwisho ART. Ukijumlisha unapata kilobaiti 16,384 kamili, hakuna iliyopotea. Hesabu hiyo isipokwenda sawa, usiendelee.

Nitaendelea baadaye, umeme unachezacheza.

MzeeWaMitambo

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeeleza vyema, ila umeruka pale vijana wengi wanapounguza, nako ni kuipata hiyo njia ya siriali. Naomba niongeze kwa faida ya wanaosoma.

Kwenye sakiti za namna hii huwa pana vitundu vinne vilivyopangana, mara nyingi bila pini. Kwanza, kifaa kikiwa kimezimwa kabisa, tafuta kwa mita kitundu kinacholia pamoja na bati linalofunika redio. Hicho ndicho cha ardhi. Kisha washa umeme na upime vitundu vilivyobaki kwa kulinganisha na ardhi. Kinachokaa kwenye volti 3.3 bila kutikisika ni cha umeme, nacho ukiache peke yake wala usikiunganishe na kitu. Kinachorukaruka katika sekunde za mwanzo ndicho kinachosema, na kilichobaki ndicho kinachosikiliza. Unganisha nyaya tatu tu: ardhi kwa ardhi, msemaji kwa msikilizaji, msikilizaji kwa msemaji. Kasi kwenye chipu hizi za Atheros ni 115,200. Kiungo chako cha USB kiwe cha volti 3.3; vipo vingi madukani vya volti 5, na hivyo hukiziba kinywa cha chipu moja kwa moja.

La pili ni chumvi. Ruta zilizokaa miaka ufukweni huvuta hewa ya bahari, na chumvi ikikutana na unyevu hupitisha umeme baina ya miguu isiyopaswa kuonana. Ukiona shaba imeota kijani, usiwashe. Isugue kwa mswaki laini na spiriti, uiache ikauke kivulini mpaka kesho yake, halafu ndiyo uunganishe umeme. Hiyo ruta yako ya 14 iliyokataa kuwaka, umeitazama kwa lenzi?

KijanaWaMichenzani

Shukran kwenu nyote wawili. Swali langu, kaka: katika orodha ya OpenWrt zipo ruta nyingine zenye QCA9531 na QCA9887 pamoja na fleshi ya megabaiti 16. Kwa nini usichukue faili la mojawapo ukalitia, badala ya kujipa kazi ya kuandika upya?

MpembaWaSakiti

Mzee wangu, nakushukuru. Nilifuata karibu hatua hizohizo, ila mimi nililehemu pini kabisa kwa sababu nilijua nitarudi mara nyingi. Ile ya 14 nimeitazama: shaba imeliwa chini ya soketi ya umeme, na njia mbili hazipo tena.

Kijana wetu, ndivyo nilivyofanya, ila sikuandika kwenye fleshi. OpenWrt hutengeneza aina ya faili iitwayo initramfs, ambamo kerneli na faili zote za mfumo zimefungwa pamoja, na U-Boot hulipakia kwenye RAM na kuliendesha humohumo. Ukikata umeme, limekwenda, na ruta imebaki kama ulivyoikuta. Unasimamisha U-Boot kwa kubonyeza kitufe katika ile sekunde moja inayokupa, unaandika `tftpboot 0x82000000 jaribio.bin`, kisha `bootm 0x82000000`. Hakuna kisingizio cha mtu kuanza na fleshi wakati njia hii ipo.

Lakini kilichotokea ndicho kilichonipotezea usiku tatu. Kerneli ilianza, mistari ikapita kwa muda wa pumzi moja, kisha ikakatika katikati ya neno na U-Boot ikaanza upya. Mara ya pili ikakatika karibu palepale. Nikadhani ni umeme, kwa sababu hapa kwetu lawama ya kwanza huwa ni ya umeme. Tangu kebo ya baharini kutoka Tanga iwashwe mwaka 2010 hali si ile ya zama za jenereta za Wesha, ila volti bado hupanda na kushuka. Nikaifunga ruta kwenye betri ya volti 12. Ikakatika palepale. Nikadhani ni RAM, nikajaribu ruta ya pili, ya tatu. Zote zikafanya lilelile. Programu ya mtengenezaji, kwa upande wake, ilikaa siku nzima bila kutetereka.

Nimekwama hapo kwa siku kadhaa, na ninakiri kwamba nilianza kuitilia shaka kerneli yenyewe, jambo ambalo kwa kawaida ni dalili ya fundi aliyechoka.

MzeeWaMitambo

Kinachokatika kwa kipimo kilekile kila mara si hitilafu, mwanangu, ni saa. Tafuta kwenye sakiti chipu ndogo mno yenye miguu 5 ambayo mguu wake mmoja unakwenda kwenye njia ya kuanzisha upya chipu kuu. Ukiipata, washa programu ya mtengenezaji na uipime miguu mingine kwa mita ya mshale, ile ya zamani. Mita ya tarakimu itakuonyesha wastani na kukudanganya. Mshale ukitetemeka, umempata.

MpembaWaSakiti

Mzee wangu, Mungu akuzidishie umri. Nimempata.

Niwaeleze wengine. Ruta nyingi zina mlinzi ndani ya chipu kuu, ambaye programu ikiganda huianzisha upya. Ruta hizi, kwa kuwa zilitengenezwa kukaa darini mahali pasipofikika bila ngazi, zimewekewa mlinzi wa pili nje ya chipu kuu. Kazi yake ni kungoja kuguswa: mguu mmoja wa chipu kuu lazima upande na kushuka mara kwa mara, na mlinzi akikaa muda wa zaidi ya sekunde moja na kitu bila kuguswa, anavuta njia ya kuanzisha upya. U-Boot ilikuwa ikimgusa. Programu ya mtengenezaji ilikuwa ikimgusa. OpenWrt ya ruta ile nyingine, ambayo sakiti yake haina mlinzi wa nje, haikujua kama yupo, na yeye akafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Nilikwenda kuazima mita ya mshale kwa fundi wa redio hapa sokoni, na kweli ulitetemeka kwenye mguu mmoja tu. Kufuata njia yake mpaka kwenye chipu kuu kulikuwa kazi ya macho, kwa hiyo nikatumia ujanja mwingine: chipu hii ina miguu 18 tu ya matumizi ya jumla, na ndani ya programu ya mtengenezaji `/sys/kernel/debug/gpio` ilinionyesha ipi imeshikwa na nani. Ilikuwa namba 13. Dawa yake katika mti wa vifaa ni mistari michache: kifaa cha aina ya `linux,wdt-gpio`, mguu namba 13, `hw_algo` iwe `toggle`, na `always-running`, ili kerneli iendelee kumgusa hata kabla ya programu yoyote ya mtumiaji kuamka. Draiva yenyewe tayari imo katika kerneli ya kundi la ath79, yaani la chipu hizi za Atheros, na imepangwa kuamka mapema, kwa hiyo sikuongeza chochote kwenye kerneli.

Initramfs iliyofuata ilikwenda mpaka mwisho. Nilikaa nikiitazama kwa nusu saa kama mtu aliyengoja boti iliyochelewa.

Hapo ndipo jibu la swali lako, kijana wetu, linapokamilika. Ruta mbili zenye chipu zilezile ni kama nyumba mbili zilizojengwa kwa matofali ya aina moja: huwezi kuingia ya pili gizani ukategemea mlango upo palepale. Mbali na mlinzi, matundu ya kebo yalikuwa yamegeuzana, la intaneti likawa la ndani na la ndani likawa la intaneti. Kama ningeandika faili lile kwenye fleshi siku ya kwanza, ningekuwa na ruta inayojianzisha upya bila kikomo.

BintiMkunazini

Nimesoma habari ya ART nikajihisi ninasemwa mimi. Ninasoma mwaka wa pili, na nilikuwa na ruta mbili za aina moja nyumbani. Moja iliharibika nilipoizima katikati ya kuandika. Nikafuata video moja: nikaibana chipu ya fleshi kwa kibanio, nikatumia CH341A, kile kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu, nikasoma megabaiti zote 16 za ruta nzima na kuziandika kwenye ile iliyokufa. Iliamka, nami nikafurahi. Kisha zikawa haziwezi kukaa kwenye mtandao mmoja, na ile ya pili Wi-Fi yake ya gigahezi 5 haivuki ukuta. Je, kuna namna ya kuirekebisha?

MpembaWaSakiti

Dada yangu, nusu ya tatizo inatengenezeka. Umezipa ruta mbili MAC moja, ndiyo maana zinagombana. Anwani halisi imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Ifungue nakala ya ART kwa kihariri cha heksa, ubadilishe baiti 6 za kila anwani, uiandike tena. Zingatia tu kwamba anwani huwa zaidi ya moja, na ya redio mara nyingi imo pia ndani ya vipimo vyenyewe, kuanzia 0x1002.

Nusu ya pili, yaani vipimo, hairudi. Vipimo vya ruta ndugu yake vinaendesha redio, kwa sababu vifaa vya toleo moja hufanana, lakini ni kama kuvaa miwani ya mwenzako. Iweke kwenye chumba ambamo watumiaji wako karibu, na ile nzima uiweke sebuleni. Tena, kabla ya kubana chipu nyingine, pima CH341A yako: zile nyeusi za bei ndogo zinajulikana kwa kupeleka volti 5 kwenye njia za data hata pale ambapo umeme wa chipu ni 3.3.

MwenyeDuka_Darajani

Ninawaheshimu, lakini nimehesabu usiku alizotaja mwenye uzi na ninaona hasara. Kuna ruta mpya ambazo tayari zimo katika orodha. Mwishoni mwa mwaka 2024 mradi wa OpenWrt wenyewe ulitoa OpenWrt One, iliyotengenezwa na Banana Pi kwa ushirikiano na Software Freedom Conservancy, yenye RAM ya gigabaiti 1 na fleshi mbili, ya pili ikiwa ni ya kuiokoa ya kwanza. Mtu akinunua hiyo hahitaji mita ya mshale.

MpembaWaSakiti

Bwana Duka, kwa ruta moja umesema kweli tupu, na mtu akiniuliza anunue nini kwa ajili ya nyumba yake nitamwambia asifanye nilichofanya mimi. Lakini hizi ni 13 za aina moja. Mti wa vifaa umeandikwa mara moja. Kuzihudumia zile 12 zilizofuata kulichukua alasiri moja, na skuli haikuwa na fungu la kununua hata 2.

Halafu kuna suala la kuendelea kuishi. Kerneli 3.3.8 ni ya mwaka 2012. Mwezi wa Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza kwamba programu haribifu iitwayo VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vyake ruta za majumbani na za ofisi ndogo. Ruta ambayo mtengenezaji wake ameitupa hubaki na matundu yake yote milele. Hizi sasa zina OpenWrt 24.10 yenye kerneli 6.6, na likitoka toleo jipya nitazipandisha nikiwa nimekaa.

Faida ambayo walimu waliiona siku hiyohiyo ni nyingine. Skuli inatumia laini moja ya 4G kwa chumba kizima. Zamani mwanafunzi mmoja akituma video, wengine wote waliganda, kwa sababu foleni ilijaa ndani ya modemu. Niliiweka ruta moja iwe lango, nikawasha CAKE, programu ya kupanga foleni ya data, ambayo imo katika kerneli rasmi tangu toleo 4.19 la mwaka 2018, nikaipa kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Prosesa ya megahezi 650 isingeiweza kwenye laini ya faiba yenye kasi kubwa, lakini kwa 4G ya Wete inatosha na kubaki.

MlinziWaMasafa

Naomba kuuliza mambo mawili kwa nia njema. Je, kufuta programu ya mtengenezaji ni halali? Na je, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania haitasema kitu mtu akigeuza redio kwa mikono yake?

MzeeWaMitambo

La kwanza lina historia. Ruta ya Linksys WRT54G ilitoka mwishoni mwa mwaka 2002, na mwaka 2003 watu wakagundua kwamba ndani yake mna Linux. Leseni ya Linux, GPL toleo la 2, inamtaka anayesambaza programu hiyo ampe mpokeaji msimbo wake pia. Baada ya mabishano, Cisco, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeinunua Linksys, ikautoa msimbo Julai 2003. Mwaka 2004 OpenWrt ikaanza juu ya msingi huo, na hata herufi tatu za mwisho za jina lake zinatoka kwenye jina la ruta ile. Kwa hiyo hatuibi kitu. Tunatumia haki iliyoandikwa.

La pili ni zito zaidi. Redio ina sheria zake, awe amewasha nani. Kwenye mipangilio ya OpenWrt chagua nchi TZ, wala usichague nchi nyingine kwa tamaa ya nguvu zaidi. Mwezi wa Agosti 2016 TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa tume ya mawasiliano ya Marekani kwa sababu baadhi ya ruta zake ziliruhusu mtumiaji kubadili nchi na kupita kiwango cha nguvu. Cha kuvutia ni kwamba katika makubaliano hayohayo ilitakiwa ishirikiane na wanaotengeneza programu huria badala ya kuwafungia mlango. Kosa lilikuwa nguvu ya redio, wala si uhuru wa programu.

MpembaWaSakiti

Ahsante, Mzee. Nimalizie upande wa kuirudisha kazi kwa mradi, maana kiraka, yaani mabadiliko ya msimbo, kinachokaa kwenye kompyuta yangu kitakufa siku kompyuta hiyo itakapokufa.

Nimetuma ombi la kuingiza kiraka GitHub, na wakaguzi wamenirudishia mara tatu. Mara ya kwanza walinitaka nitoe anwani za MAC na vipimo vya redio kwa njia ya nvmem ndani ya mti wa vifaa, ili draiva ivisome moja kwa moja kutoka ART, badala ya hati ya zamani niliyokuwa nimeinakili. Walikuwa sahihi, na faili likawa fupi. Mara ya pili jina la ruta halikuwa mahali pake kwa mpangilio wa alfabeti. Mara ya tatu walitaka ujumbe wa kiraka ueleze chipu zote, MAC ipi inatumika wapi, na hatua za usakinishaji na za kurudi kwenye programu ya mtengenezaji. Mwisho wa ujumbe lazima kuwe na mstari wa Signed-off-by wenye jina na barua pepe inayofanya kazi. Mwenye haraka atachukia. Mimi, nikikumbuka usiku tatu za mlinzi, naona kila walichodai ndicho ambacho ningependa kukikuta kimeandikwa na mtu aliyenitangulia.

KijanaWaMichenzani

Kaka, nimepata 6 zinazofanana na zako kabisa kutoka hoteli moja ya upande wa Paje. Kifuniko kilekile, jina lilelile. Nimeshusha faili lako, nataka kuliandika leo usiku.

MpembaWaSakiti

Fungua moja kwanza. Karibu na chipu kuu pana maandishi meupe ya toleo la sakiti. Yangu inasema V1.0. Na ile chipu ya miguu 5, unaiona?

KijanaWaMichenzani

Imeandikwa V1.1. Chipu ya miguu 5 haipo, alama zake tano za shaba zimeachwa wazi. Na fleshi si Winbond.

MpembaWaSakiti

Basi usiandike. Mguu namba 13 huenda umepewa kazi nyingine kwenye toleo lako, na faili langu litakuwa likiupandisha na kuushusha usiku kucha. Ingia kwa siriali, tuwekee hapa `/proc/mtd` na `/sys/kernel/debug/gpio` kutoka programu ya mtengenezaji, pamoja na picha za sakiti pande zote mbili. Nakili ART za zote 6 kabla hujalala.

MzeeWaMitambo

Na uzisugue kwanza. Paje kuna chumvi kuliko Wete.